Maswali na Majibu: Vifaa vinavyolala nje juu ya gari la kazi

Safu ya mwezi huu ni ya mafundi wa kuzunguka: wenye jiriwa kwenye bampa, winchi mbele, kreni ndogo nyuma ya kabini na masanduku ya vifaa ubavuni, vyote vikinyeshewa na kupigwa jua mwaka mzima. Kabla ya barua, tuseme jambo ambalo majibu mengi yanaliegemea. Kulainisha na kukinga ni kazi mbili tofauti. Panaposuguana chuma kwa chuma panataka kilainishi. Pasiposuguana panataka ngozi ya kuzuia maji na chumvi visiguse chuma. Anayetegemea kopo moja kwa kazi zote mbili hupoteza fedha, na kutu inaendelea palepale.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina pikapu ninayozunguka nayo Tanga nikichomelea mageti na mabomba. Jiriwa ya inchi 6 nimeifunga kwenye bampa ya nyuma kwa bolti nne. Kila Jumamosi naipulizia WD-40, lakini katikati ya wiki imeshakuwa nyekundu na skrubu inakaza. Usiku naifunika kwa nailoni nzito na kuifunga kamba chini. Nakosea wapi?
*Fundi wa kuchomelea, Tanga*

JIBU: Nzuri, ndugu. Adui wako mkubwa ni chumvi, kuliko hata mvua. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, na chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesi ndani yake, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Usiku wa pwani hupita asilimia 75 karibu kila siku. Maana yake ni kwamba jiriwa yenye vumbi la chumvi hulala ndani ya maji ya chumvi hata kama hakuna tone lililonyesha. Nailoni uliyoikaza kamba inazidisha: mvuke unaotoka ardhini na kwenye bampa yenye joto unanaswa ndani, chuma kikipoa alfajiri unageuka matone, na hauna pa kutokea.

WD-40 haina kosa, ila umeipa kazi isiyo yake. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 ili isukume maji yatoke juu ya chuma. Sehemu kubwa ni kiyeyusho chepesi kinachoruka, na kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta usiohimili wiki nzima ya upepo wa bahari. Ukiipulizia juu ya skrubu yenye grisi, inaiyeyusha grisi na kuiosha. Itumie baada ya kuosha jiriwa, kuondoa maji yaliyojificha, kisha paka kinga ya kweli.

Anza kwa kuifungua yote. Zungusha mkono mpaka taya linalosogea litoke kabisa. Kwenye jiriwa nyingi skrubu hushikiliwa na pini au kola nyuma ya mkono, na nati yake ndefu imefungwa kwa bolti moja chini ya mwili. Osha skrubu, nati na mtelezo kwa mafuta ya taa, ukifuata mifereji ya hesi kwa brashi ya waya. Kutu iliyobaki kwenye skrubu na vipande vidogo iloweke kwenye siki nyeupe ya asilimia 5 kwa saa 6 hadi 12, sugua, kisha suuza kwa maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha baking soda kwa kila lita ili kuua asidi. Kausha kwa jua au upepo wa kompresa na upake mafuta papo hapo. Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mpya ndani ya dakika chache, na hapo ndipo wengi wanaharibu kazi ya siku nzima kwa kwenda kunywa chai.

Kwa skrubu tafuta grisi ya kalsiamu salfoneti ya ugumu wa NLGI 2 (namba ya ugumu wa grisi iliyoandikwa kwenye kopo). Mara nyingi huuzwa kama grisi ya boti, na haioshwi na maji kirahisi. Ukiikosa, chukua ya lithiamu kompleksi. Gramu 20 hadi 25 zinatosha jiriwa ya inchi 6: jaza mifereji ya hesi, usiache mabonge, na ingiza kiasi ndani ya nati kwa kidole. Usisahau uso ambapo kola ya mkono inasukuma taya; hapo ndipo mzigo wote wa kukaza unapobebwa, na pakikauka utadhani skrubu imekwisha. Paka pia kati ya sahani mbili za kitako kinachozunguka, la sivyo kutu itazishikamanisha. Mtelezo wenyewe upake kwa kitambaa, kisha ufute ubaki utando tu. Unga wa grenda unaangukia hapo, na ukikutana na grisi nene unakuwa msasa.

Taya, na kile kitako cha kugongea nyuma, usivipake grisi. Vipake nta. Yeyusha gramu 100 za nta ya nyuki, ile ya Tabora inapatikana kirahisi, ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nta hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64 za Selsiasi, hivyo haihitaji moto wa moja kwa moja. Zima jiko, peleka kopo nje mbali na moto wowote, ndipo umimine mililita 400 za tapentaini polepole huku ukikoroga. Mvuke wa tapentaini hushika moto upesi sana. Hatua ya kuzima jiko na kutoka nje haina njia ya mkato. Mchanganyiko ukipoa unakuwa laini, unapakika kwa kitambaa. Paka chuma kikiwa na joto la jua, subiri dakika kumi, futa ziada. Mwili wa jiriwa ni chuma cha kusubu na unataka rangi: brashi ya waya, praima ya epoksi mara mbili, kisha rangi ya mafuta. Red oksaidi peke yake, kama inavyoachwa kwenye mageti mengi, hupitisha maji. Lazima ifunikwe kwa rangi ya juu.

Kifuniko kiwe cha turubai la kanvasi, kilegee, na chini kiwe wazi kabisa ili hewa ipite. Kama bampa yako ina bakuli linalotuamisha maji chini ya jiriwa, toboa tundu la milimita 6 na upake rangi kingo zake.

Kuosha kuwe kwa maji yasiyo na chumvi, mara moja kwa wiki, na kila siku wakati wa kusi ikiwa unafanya kazi ufukweni. Angalia maji unayotumia: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea hayo ni kupaka chumvi upya. Maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa ni bora. Grisi ya skrubu ifutwe na kupakwa upya kila mwezi wakati wa kusi na masika; nje ya hapo kila miezi miwili.

Mwisho, kwa kuwa wewe ni mchomeleaji: kibano cha waya wa ardhi kiwekwe kwenye kipande unachochomelea, kamwe kisiwekwe kwenye mwili wa jiriwa wala kwenye bampa. Umeme ukipita kwenye skrubu na nati unachimba vijishimo kwenye hesi, na ukipitia chasi unaweza kula beringi na vifaa vya umeme vya gari. Wakati wa kuchomelea funika skrubu kwa kipande cha ngozi, maana cheche hugandia kwenye grisi na kuiunguza.

SWALI: Wazee wangu, shikamooni. Nina winchi mbele ya gari la kuvuta magari yaliyokwama, waya wa milimita 8. Bosi anataka niupake grisi nyeusi yote mpaka usionekane. Kuna mtu pia anatuuzia kamba ya sintetiki. Tufuate lipi?
*Kijana wa gereji, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mwanetu. Nia ya bosi ni njema, ila grisi nene haitaingia. Waya wa winchi umesokotwa kwa nyuzi nyingi, na uchakavu wake huanzia ndani, zinaposuguana nyuzi kwa nyuzi na maji yakiwa yamenasa katikati. Grisi ya juu inafunga mlango maji yakiwa ndani, inashika mchanga, na mbaya zaidi inaficha nyuzi zilizokatika usizione.

Waya unataka mafuta mepesi yanayopenya. Yapo yaliyotengenezwa mahususi kwa nyaya. Ukiyakosa, oili ya gia ya 80W-90 itasaidia. Fungua waya wote mpaka ibaki mizunguko mitano kwenye ngoma, nyoosha barabarani, sugua kwa brashi ya waya. Kitambaa kiwe na unyevu wa mafuta ya taa tu. Usiloweke waya kwenye mafuta ya taa, kwa sababu yatatoa kilainishi alichoweka mtengenezaji katikati. Puliza kwa upepo, paka oili kwa brashi, acha usiku mzima, asubuhi futa ziada.

Kuurudisha kwenye ngoma ndiko kwenye kazi. Waya usirudishwe ukiwa legevu. Fungia ndoano kwenye mti kwa mkanda mpana, gari likiwa kwenye mteremko mdogo, na mwenzako akanyage breki kidogo huku winchi ikilivuta, ili pawe na mvuto wa kilo 200 na kuendelea. Safu zikilala zimekaza, siku ya mzigo mzito waya wa juu hautazama kati ya safu za chini na kujibana. Vaa glovu za ngozi, si za kitambaa, na mkono usikaribie kinywa cha winchi, pale waya unapoingilia.

Wakati umeunyoosha, ukague. Chukua urefu ambao msokoto mmoja, yaani fungu moja la nyuzi, unazunguka waya mara moja kamili. Ndani ya urefu huo ukikuta nyuzi sita zilizokatika kwa ujumla, au tatu kwenye msokoto mmoja, waya huo umestaafu. Pima na kipenyo: waya wa milimita 8 ukishuka hadi 7.6 umepoteza asilimia 5, na hautufai tena. Vivyo hivyo uliojipinda kona au kufumuka kama kizimba.

Kamba ya sintetiki haipakwi mafuta ya aina yoyote. Adui zake ni jua, mchanga na joto. Osha kwa maji safi baada ya matope, kausha kivulini, funika ngoma. Nyuzi zake, ikiwa ni zile za poliethilini ngumu, huyeyuka karibu nyuzi joto 145, na hudhoofika mapema zaidi. Winchi nyingi za umeme zina breki ndani ya ngoma, na ngoma huchemka unaposhusha mzigo kwa muda mrefu, kwa hiyo safu ya kwanza inataka soksi ya kuzuia joto. Mkihamia kamba, badilisheni na kinywa cha winchi. Roli zilizokwaruzwa na waya wa chuma zitaikata. Wekeni kinywa laini cha alumini. Kwa matumizi yenu ya matope na magogo, tungebaki na waya na kuutunza.

Jambo moja la kuzuia mapema: msipenyeze mafuta ndani ya ngoma mkidhani mnalainisha. Mafuta yakifika kwenye breki, mzigo hautashikika. Na winchi isiyotumika izungusheni kila mwezi, mita tano kutoka na kuingia, ili mota isigande.

SWALI: Kwa nini kuhangaika na grisi za bei? Sisi tunapaka oili chafu ya injini kwenye vifaa vyote na hakuna kutu.
*Msomaji, Kahama*

JIBU: Kutu itachelewa, hilo ni kweli, lakini gharama yake iko kwingine. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi, unyevu, masizi na chembe za chuma. Ikipakwa kwenye hesi na bawaba, chembe hizo zinasaga. Ina pia kemikali zinazotokana na mwako ambazo zinajulikana kusababisha saratani ya ngozi kwa wanaozishika kila siku, na kifaa kilichopakwa kinashikwa kila siku bila glovu. Mvua ikinyesha, inateremka hadi kwenye udongo na visima. Kama bei ndiyo tatizo, nunua oili mpya ya injini ya daraja la chini kabisa. Lita moja ikipakwa kwa kitambaa inatosha vifaa vya gari moja kwa miezi mingi. Oili chafu ipelekeni kwa wanaoikusanya.

SWALI: Gari letu la kuchimba visima linashinda kwenye vumbi la Dodoma. Makufuli ya masanduku yamekuwa magumu, funguo mbili zimekatikia ndani. Bawaba zinalia. Kila tukitia oili, zinalainika siku mbili halafu zinakuwa mbaya kuliko mwanzo. Pia zile shoka za gesi za kuinua mifuniko zimeanza kushindwa.
*Msimamizi wa vifaa, Dodoma*

JIBU: Hapa adui amebadilika, na dawa lazima ibadilike. Vumbi la nchi kavu limejaa kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoishia 10. Shaba nyeupe na chuma laini cha kufuli haviifikii hata kidogo. Oili inalikaribisha vumbi hilo na kuligeuza uji wa kusagia. Siku mbili za ulaini mnazoziona ni muda ambao uji huo unatengenezwa.

Kwanza toeni uji wa zamani. Kufuli ligeuzwe tundu la ufunguo chini, lipulizwe kwa dawa ya kusafishia breki, lipulizwe upepo, ufunguo uingizwe na kutolewa mara kumi ukifutwa kila mara, mpaka utoke msafi. Msilazimishe kuuzungusha kabla ya hapo. Likishakauka, wekeni kilainishi kikavu: PTFE (plastiki telezi, ile ya Teflon) ya kupulizia inayokauka, au unga wa grafiti. Unga wa penseli ni wa dharura tu, kwa sababu penseli ina udongo wa mfinyanzi ndani yake. Kama hamna budi, tumieni ya 6B, ambayo udongo wake ni kidogo. Na wasomaji wa pwani wasiige grafiti: ikilowa maji ya chumvi inaharakisha metali za kufuli kuliwa. Huko ni PTFE peke yake.

Kisha zuieni vumbi lisiingie. Kipande cha mpira wa tyubu kilichokatwa kama ulimi na kubanwa juu ya kufuli kwa riveti mbili hufanya kazi kubwa kuliko kopo lolote. Makufuli yaning'inie tundu likiangalia chini.

Bawaba ndefu zisafishwe hivyo hivyo, zipakwe PTFE kavu au nta ile ya nyuki ikiwa vuguvugu, ifanyiwe kazi mara kadhaa, ifutwe. Mipira ya kuziba kingo za mfuniko ipakwe silikoni, kitambaa kikiwa na unyevu tu. Grisi ya kawaida na mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira, na mfuniko uliovimba mpira haufungi sawasawa. Hapo vumbi linapata njia mpya.

Shoka za gesi hazitaki mafuta hata tone. Futeni ile fimbo kwa kitambaa safi kikavu, basi. Angalieni mlivyozifunga: mfuniko ukiwa umefungwa, ambao ndio muda mwingi wa maisha yake, fimbo inatakiwa ielekee chini na silinda iwe juu, ili mafuta kidogo yaliyomo yalale juu ya sili na kuilowanisha. Zikifungwa kinyume sili inakauka na gesi inavuja. Zilizoshindwa hazitengenezeki. Badilisheni zote mbili kwa pamoja, za nguvu ileile iliyoandikwa ubavuni kwa nyutoni, na msitoboe za zamani, kwani gesi yake ina shinikizo kubwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Tuna kreni ndogo ya haidroliki juu ya lori, tunashusha mabomba na mashine Mombasa. Nipeli mbili za grisi, vile vichuchu vya kupigia grisi, zimekataa kabisa kupokea. Fundi mmoja atwambia tupige kwa nguvu zaidi, mwingine atwambia grisi ya buluu ni bora kuliko nyekundu. Na fimbo za silinda zimeanza vidoa.
*Mwenye lori, Mombasa*

JIBU: Wa alaykumu salaam. Tuanze na usalama. Pampu ya grisi ya mkono inaweza kufikisha shinikizo la mamia ya baa. Mpira wake ukipasuka, au grisi ikichomoka pembeni ya nipeli, inaweza kupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo na maumivu ya mwanzo ni madogo, lakini mkono unaweza kupotea. Likitokea, ni hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni grisi iliyoingia kwa shinikizo. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu sili zinaweza kuchomoka, ushauri wa kupiga kwa nguvu zaidi tunaukataa.

Nipeli ikikataa, ing'oeni na kuijaribu peke yake kwenye pampu. Ikipitisha grisi nje ya kreni, tatizo liko kwenye njia ya ndani. Isipopitisha, wekeni mpya, ni kitu cha bei ndogo. Pimeni hesi kabla ya kununua, maana M6, M8 na M10 zote hutumika. Njia ya ndani iliyoganda mara nyingi hufunguka mkipakua mzigo wote kwenye pini: lazeni mkono wa kreni juu ya gogo ili pini isibebe kitu, tieni mafuta ya kupenya kwenye tundu, subirini saa chache, kisha pigeni taratibu huku mwenzenu akichezesha kiungo kidogo. Grisi huingia upande usiokandamizwa, ndiyo sababu kreni iliyobeba mzigo inakataa.

Kiasi: pampu nyingi za mkono hutoa kama gramu moja kwa mpigo, lakini zinatofautiana. Pigeni mara kumi juu ya karatasi, pimeni kwa mizani ya duka, gawanyeni kwa kumi. Kwa pini za kreni ndogo mipigo mitatu hadi mitano, au mpaka grisi safi ianze kuchungulia pembeni. Hiyo iliyochungulia achieni ukingo mwembamba uzibe maji, nyingine futeni. Beringi kubwa ya mzunguko ipigwe kidogo, izungushwe robo, ipigwe tena, mpaka imalize duara. Fanyeni hivyo kila juma kreni ikiwa kazini, na baada ya kila kuosha kwa pampu ya maji. Pampu hiyo isielekezwe kwenye pini wala sili kwa karibu.

Rangi ya grisi ni rangi tu. Buluu ya kampuni moja ni lithiamu kompleksi, buluu ya nyingine ni kitu kingine. Someni kwenye kopo oili yake imekazishwa kwa kitu gani. Kuchanganya lithiamu na poliurea, kwa mfano, kunaweza kuifanya grisi iwe majimaji na kukimbia. Mkibadili aina, pigeni mpaka ya zamani itoke yote, na kwa wiki mbili za mwanzo rudieni mara kwa mara. Kwenye hewa ya Mombasa tungechagua kalsiamu salfoneti. Kwenye pini zinazobeba mzigo mzito na kusogea polepole, yenye molibdeni ya asilimia 3 hadi 5.

Vidoa kwenye fimbo ni chumvi iliyopenya kromu. Kromu hiyo ina nyufa ndogo mno, na chuma kilicho chini kinaanza kutu kutokea humo. Egesheni lori silinda zote zikiwa zimeingia ndani. Fimbo isiyoweza kuingia ifutwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, ipakwe utando wa oili ya haidroliki ileile ya kreni, na kabla ya kusogezwa asubuhi ifutwe, la sivyo vumbi la usiku litapelekwa moja kwa moja kwenye sili. Kidoa kinachokwaruza ukucha kitakata sili. Kisichokwaruza mnaweza kuishi nacho.

SWALI: Sanduku langu la alumini linaliwa kuzunguka bolti za stenlesi, unga mweupe unatoka. Chini nako, panapomwagikia saruji, pamekuwa na vishimo. Nilidhani alumini haishiki kutu.
*Mjenzi, Kisumu*

JIBU: Haishiki kutu nyekundu, lakini inaliwa. Alumini na stenlesi zikigusana penye maji, moja inakuwa hasi na nyingine chanya, na alumini ndiyo inayojitoa. Sanduku ni kubwa na bolti ni ndogo, kwa hiyo uharibifu unaenda polepole, ila unajikusanya palepale kwenye tundu. Toa bolti, sugua unga wote mpaka chuma kiwe safi, weka washa ya nailoni juu na chini pamoja na bomba jembamba la plastiki ndani ya tundu ili bolti isiguse ukuta. Hesi zipakwe grisi ya kalsiamu salfoneti au paste ya kuzuia kugandiana yenye alumini au nikeli. Ile ya shaba iache, itakuongezea metali ya tatu kwenye ugomvi.

Saruji ni kisa kingine. Maji yake ni ya alkali kali, na alkali huyeyusha ule utando wa asili unaoilinda alumini. Zinki ya mabati nayo huathirika. Mwagiko lioshwe likiwa bichi. Likishaganda, likwangue kwa kijiti cha mbao, loweka kwa siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, dakika kumi, suuza vizuri. Sakafu ya sanduku itandikwe ubao uliopakwa rangi au mkeka wa mpira wenye matundu, mifuko ya saruji ikae juu yake.

SWALI: Nikiwa napaka paste ya kuzuia kugandiana kwenye bolti zote za jiriwa na masanduku, nipake na kwenye nati za magurudumu? Zangu huwa zinaganda.
*Dereva, Morogoro*

JIBU: Hapana, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema hivyo. Nguvu ya kukaza iliyoandikwa kwenye kitabu imepimwa kwa hesi kavu na safi. Ukitia kilainishi, spana ileile ya kupima inaivuta bolti kwa nguvu kubwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Bolti inanyooka au nati inaharibu kiti chake, na gurudumu linakuja kulegea barabarani. Sugua hesi kwa brashi ya waya. Kinachoganda mara nyingi ni rimu kwenye habu, hivyo paka utando mwembamba wa paste kwenye ule mduara wa katikati tu, usifike kwenye nati wala kwenye diski ya breki. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, na baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena kukaza kwa nati zote.